Deni la Bluzi: Albamu ya Uzeeni ya The Rolling Stones

Wimbo ni mali ya ajabu. Shamba likigawanywa kwa warithi kumi, kila mmoja hupata sehemu ndogo. Wimbo ukiimbwa na watu kumi, kila mmoja huupata wote, na aliyeutunga hapungukiwi na neno wala sauti. Kwa sababu hii wengi hudhani kwamba kuchukua wimbo wa mtu si kuchukua kitu. Walakini mtunzi ana tumbo, ana watoto, na ana jina. Na wimbo wake unapomtajirisha mwingine hali yeye mwenyewe analala njaa, huzuka swali la haki ambalo utamu wa sauti hauwezi kulinyamazisha. Historia ya muziki wa bluzi wa Marekani imejaa swali hilo. Albamu iitwayo Blue & Lonesome, iliyotolewa na bendi ya Kiingereza ya The Rolling Stones tarehe 2 Desemba 2016, ni mahali pazuri pa kulichungua, maana ndani yake wadaiwa wa zaidi ya miaka hamsini walirudi wenyewe mlangoni kwa wadai wao.

Habari za kurekodiwa kwake ni fupi. Mwezi wa Desemba 2015 wanamuziki hao walikutana katika studio ya British Grove, iliyoko Chiswick, magharibi ya London, kwa nia ya kutengeneza nyimbo mpya. Mick Jagger alikuwa na umri wa miaka 72. Keith Richards alikuwa akitimiza umri huo huo mwezi ule. Charlie Watts, mpiga ngoma, alikuwa na miaka 74, na Ronnie Wood miaka 68. Studio ilikuwa ngeni kwao, na ili kuizoea walipiga wimbo mmoja wa zamani wa Little Walter, ule ambao baadaye uliipa albamu jina lake. Sauti ikawaridhisha. Wakapiga wa pili, kisha wa tatu, na kazi ya kujinyosha viungo ikageuka kuwa kazi yenyewe. Katika muda wa siku tatu nyimbo 12 zilikwisha, zote za watu wengine, zote za bluzi. Tangu waanze kutoa albamu walikuwa hawajatoa hata moja ya studio isiyokuwa na wimbo wao wenyewe. Kupima uzito wa siku tatu hizo ni lazima kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, na kuvuka bahari.

Bluzi ilizaliwa kusini mwa Marekani kati ya wajukuu wa watumwa. Utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1865, lakini sheria ilimfungua mtu minyororo bila ya kumpa ardhi. Katika tambarare yenye rutuba iliyo kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, nchi iitwayo Delta, Wamarekani weusi walilima pamba katika mashamba ya wengine kwa ahadi ya kugawana mavuno. Mwenye shamba aliwakopesha mbegu, chakula na nguo, na mwisho wa mwaka yeye ndiye aliyeshika daftari la hesabu. Aghalabu mkulima aliambiwa kwamba bado anadaiwa. Hivyo deni lilishika mahali pa mnyororo, na mtu huru akafungwa na karatasi. Katika hali hiyo nyimbo za kazi, vilio vya mashambani, zaburi za makanisani na ngoma za usiku wa Jumamosi zilichanganyika zikawa sauti moja mpya. W. C. Handy, mwanamuziki msomi wa nota, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1941 jinsi alivyomsikia, yapata mwaka 1903, mtu mmoja maskini katika stesheni ya gari moshi ya Tutwiler, Mississippi, akipiga gitaa kwa kubana nyuzi kwa kisu. Jina la mtu huyo halikuandikwa. Aliyeandika nota na kuzichapisha ndiye aliyeingia katika vitabu. Aliyepiga gitaa alibaki stesheni. Mwanzo huo unafanana sana na yaliyofuata.

Umbo la bluzi halitakuwa geni kwa msomaji wa mashairi. Ubeti wake wa kawaida una mishororo mitatu: wa kwanza hutoa jambo, wa pili huurudia wa kwanza, na wa tatu hulijibu au huligeuza. Kila mshororo huchukua vipimo vinne vya muziki, na ubeti mzima huchukua vipimo kumi na viwili. Mwimbaji hajazi vipimo vyote kwa maneno. Huimba nusu yake, na nusu iliyobaki huiachia ala imjibu, kama kiongozi wa ngoma aimbavyo na waitikiaji wakamwitikia. Kurudia mshororo wa kwanza si uvivu wa utunzi. Aliyetunga papo kwa papo alipata nafasi ya kutafuta jibu, na msikilizaji alipata nafasi ya kupima kama jambo lenyewe ni kweli. Umbo ni dogo, na kwa udogo wake mtu yeyote aweza kulishika. Bali kulishika si kulijaza. Hapo ndipo mastadi walipotengana na waigaji.

Kati ya mwaka 1910 na mwaka 1970 Wamarekani weusi wapatao milioni sita walihama kusini wakaenda kaskazini na magharibi kutafuta kazi na kukimbia dhuluma. Wengi wa Mississippi walipanda gari moshi la kwenda Chicago. Miongoni mwao alikuwa McKinley Morganfield, ajulikanaye zaidi kwa jina la Muddy Waters, ambaye mwaka 1941 alirekodiwa na watafiti waliotumwa na Maktaba ya Bunge ya Marekani katika shamba la Stovall, na mwaka 1943 akahamia Chicago. Mjini kelele za watu katika vilabu zilifunika gitaa la kijijini. Ikabidi gitaa litiwe umeme. Little Walter, mzaliwa wa Louisiana, alikishika kinanda cha mdomo pamoja na maikrofoni ndani ya viganja vyake, sauti ikapita katika kipaza sauti ikatoka nzito na yenye mikwaruzo, kana kwamba chombo kile kidogo kimeota kifua cha mtu. Wimbo wake usio na maneno, Juke, uliongoza orodha ya santuri za watu weusi mwaka 1952. Kampuni ya Chess, iliyomilikiwa na ndugu wawili wahamiaji kutoka Poland, Leonard na Phil Chess, ndiyo iliyorekodi wengi wa watu hawa, pamoja na Howlin' Wolf mwenye sauti ya ngurumo na Willie Dixon, mtunzi na mpiga besi ambaye nyimbo zake zilichukuliwa na karibu kila mtu.

Santuri hizo zilivuka Atlantiki kwa njia ya posta na kwa mikono ya mabaharia na wafanya biashara. Mwaka 1958 Muddy Waters mwenyewe alifika Uingereza kwa mwaliko wa Chris Barber, mpiga trombone wa jazi, na gitaa lake la umeme likawashangaza waliotazamia mkulima na gitaa la mbao. Tarehe 17 Oktoba 1961, katika stesheni ya Dartford, karibu na London, Keith Richards alimwona Mick Jagger, waliyejuana naye tangu shule ya watoto, amebeba santuri za Chuck Berry na Muddy Waters zilizotoka Chicago. Urafiki wao ulianza upya kwa sababu ya mzigo huo. Tarehe 12 Julai 1962 bendi yao, iliyoundwa na Brian Jones, ilipiga kwa mara ya kwanza mbele ya watu katika klabu ya Marquee, London. Jina lao walilitoa katika wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950. Kwa hiyo hata jina lilikuwa la kuazima.

Vijana hao hawakuficha walikotoka. Mwezi wa Juni 1964, katika safari yao ya kwanza Marekani, walikwenda kurekodi katika studio ya Chess, Chicago, namba 2120 South Michigan Avenue, kama mahujaji waendao kuzuru. Mwishoni mwa mwaka huo wimbo wa Willie Dixon, Little Red Rooster, ambao Howlin' Wolf aliurekodi mwaka 1961, ulifika nafasi ya kwanza katika orodha ya Uingereza kwa sauti ya Jagger na gitaa la Jones. Mwezi wa Mei 1965 walipotakiwa kuonekana katika kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho Shindig!, waliomba Howlin' Wolf aalikwe pia. Naye, mtu wa umri wa karibu miaka 55, aliimba mbele ya vijana wa Kizungu wa nchi yake huku Waingereza wale wameketi wakimtazama. Jambo hili lina heshima yake na lina fedheha yake. Heshima ni ya wageni waliomtambua mkubwa. Fedheha ni ya nchi iliyohitaji wageni kutoka ng'ambo kuionyesha kilichokuwa nyumbani mwake.

Walakini daftari lina kurasa mbili. Katika albamu ya Beggars Banquet ya mwaka 1968 umo wimbo Prodigal Son, ambao ulichapishwa kwanza kwa majina ya Jagger na Richards. Mwenyewe alikuwa Robert Wilkins wa Memphis, aliyeurekodi mwaka 1929 kwa maneno ya kidunia, kisha, alipokuwa mhubiri, akaugeuza kuwa hadithi ya Injili ya mwana mpotevu. Baadaye jina lake lilirudishwa. Mwaka 1969, katika Let It Bleed, waliimba Love in Vain, wimbo ambao Robert Johnson aliurekodi mwaka 1937, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Jina la Johnson halikuonekana kwenye santuri. Mgogoro juu ya nyimbo zake mbili zilizoimbwa na bendi hiyo ulifika katika mahakama ya rufani ya Marekani, ambayo mwaka 2000 iliamua kwamba nyimbo hizo hazikuwa zimeingia katika mali ya umma, yaani bado zilikuwa na mwenyewe. Si wao peke yao waliofikwa na hesabu. Mwaka 1985 Willie Dixon aliishitaki Led Zeppelin, bendi nyingine ya Kiingereza, kwa wimbo uliofanana na wake, na mwaka 1987 wakapatana nje ya mahakama.

Waswahili husema, Mwacha asili ni mtumwa. Methali hii husemwa upesi wakati wowote msanii anaporudi kwenye mambo ya zamani, na wengi waliipokea Blue & Lonesome kwa fikira hiyo: kwamba wazee wamerudi kwenye asili yao. Fikira hiyo yataka kupimwa. Asili ya Jagger na Richards ni mitaa ya Dartford, si mashamba ya Stovall. Babu zao hawakuchuma pamba ya mtu wala hawakupanda gari moshi la kukimbia Mississippi. Wanaporudi kwenye bluzi, hawarudi kwao. Warudi kwa waliowalea. Tofauti hii si ndogo. Mtu arudiye kwao huingia bila ya kubisha hodi, hufungua chungu akala. Mtu arudiye kwa waliomlea hubisha hodi, husalimu, huketi anapooneshwa, na hutaja aliyotendewa. Na neno mtumwa lililomo katika methali lina uzito wa pekee hapa, kwa kuwa walioianzisha asili hii walikuwa watoto wa watumwa hasa, si watumwa wa mfano.

Uamuzi wa haki basi hauwezi kutoka katika ukoo wa mwimbaji. Wako wasemao kwamba Mwingereza hana ruhusa kabisa ya kuimba bluzi. Nao husahau kwamba Muddy Waters mwenyewe alipanda jukwaani pamoja na The Rolling Stones katika klabu ya Checkerboard Lounge, Chicago, mwezi wa Novemba 1981, akawa mwenyeji wao kwa furaha. Wako pia wasemao kwamba muziki hauna mwenyewe, na kwamba kila mtu huazima. Nao husahau kwamba katika kuazima huku fedha zilielekea upande mmoja. Swali lililo bora ni jinsi mtu anavyoingia: je, ametaja jina, ameacha kitu, na je, amejifunza kazi au amevaa vazi tu?

Kwa kipimo hicho albamu ya 2016 ina mengi ya kusifiwa. Kwanza, chaguo la nyimbo si la mtu atafutaye njia rahisi. Hawakuchukua zile zilizochakazwa na kila bendi. Walichukua nyingi zisizojulikana ila kwa wapenzi wa kweli: nne alizozirekodi Little Walter, mbili za Howlin' Wolf, na nyingine za Magic Sam, Jimmy Reed, Eddie Taylor, Lightnin' Slim, Little Johnny Taylor na Otis Rush. Pili, waliketi chumba kimoja wakapiga pamoja, bila ya kupaka rangi nyingi. Eric Clapton, aliyekuwa akifanya kazi yake katika studio hiyo hiyo, alikaribishwa akapiga gitaa katika nyimbo mbili. Tatu, Jagger, ambaye kwa miaka mingi alisifiwa zaidi kwa miguu yake kuliko kwa pumzi yake, alikipuliza kinanda cha mdomo kwa ustadi wa mwanafunzi aliyekaa na somo moja kwa zaidi ya nusu karne. Nne, majina ya watunzi yameandikwa. Ni jambo dogo la chapa. Lakini ni jambo ambalo Wilkins na Johnson walinyimwa.

Kuna jambo jingine ambalo masikio hulisikia kabla ya akili kulitambua. Little Walter alifariki mwaka 1968 akiwa na umri wa miaka 37, baada ya kupigwa katika ugomvi. Magic Sam alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 32. Jimmy Reed alifariki mwaka 1976 akiwa na miaka 50, na Howlin' Wolf mwaka huo huo akiwa na miaka 65. Vijana wa mwaka 1962 waliimba maneno ya watu wazima, na sauti zao zilikuwa changa kwa huzuni ile. Wazee wa mwaka 2015 waliimba maneno ya watu ambao hawakupewa muda wa kuwa wazee. Wanafunzi wamewapita walimu wao kwa umri, kwa mali na kwa matibabu. Upweke unaotajwa katika jina la albamu hauwezi kuwa upweke mmoja kwa pande zote mbili. Bendi haikudai kwamba ni mmoja. Iliupiga muziki, ikauacha useme.

Wala albamu haikulipa deni lote. Ilipotoka, kati ya waimbaji wanane wa santuri za asili zilizofuatwa, Otis Rush peke yake alikuwa hai. Naye alifariki mwaka 2018. Shukrani iliyochelewa humfikia mrithi, haimfikii mwenyewe. Mwezi wa Januari 2018 albamu ilipewa tuzo ya Grammy ya bluzi ya jadi. Miongoni mwa zilizoshindana nayo ilikuwamo Migration Blues ya Eric Bibb, Mmarekani mweusi, iliyohusu uhamaji ule ule uliojaza Chicago. Hapana haja ya kusema kwamba waamuzi walikosea. Yatosha kuona kwamba hata katika siku ya kuheshimiwa bluzi ya jadi, aliyesikika zaidi ni aliyekuwa mashuhuri tayari. Njia ya fedha na sifa ilichimbwa zamani, na maji hufuata mfereji.

Lakini daftari la mkulima wa Delta lilikuwa na uovu mmoja mkubwa kuliko wote: aliyeandika hesabu hakutaka iishe, na aliyedaiwa hakuruhusiwa kuisoma. Deni la bluzi ni kinyume chake. Leo hesabu yake yaweza kusomwa na kila mtu: mwaka wa santuri, jina la mtunzi, jina la aliyeimba kwanza, jina la aliyeimba baadaye. Jengo la Chess huko Chicago limekuwa makao ya Blues Heaven Foundation, iliyoanzishwa na Willie Dixon kwa ajili ya kulinda haki na kumbukumbu za wanabluzi. Msikilizaji aliyeletwa na jina kubwa la bendi ya Kiingereza aweza, akitaka, kuifuata kamba mpaka kisimani, amsikie Little Walter mwenyewe, na ajue nani alichimba.

Charlie Watts alifariki tarehe 24 Agosti 2021, na Blue & Lonesome ikawa albamu ya mwisho ya studio iliyotolewa na bendi hiyo katika uhai wake. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Oktoba 2023, walitoa Hackney Diamonds, albamu ya nyimbo zao wenyewe. Lakini wimbo wa mwisho ndani yake si wao. Jagger na Richards, wawili peke yao, kinanda cha mdomo na gitaa, waliimba ule wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950 uliowapa jina. Kwa zaidi ya miaka sitini walikuwa wamelitumia jina hilo katika albamu zao bila ya kuurekodi humo wimbo wenyewe. Walipouimba hatimaye, jina la mwenyewe liliandikwa pembeni yake: Muddy Waters.